Kombe la Chalenji Halikuanza 1973

Mwandishi aliyedai kuwa Kombe la Chalenji lilianza 1973 amefuta karibu nusu karne ya historia. Mwaka huo CECAFA, baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, ilianza kuliendesha. Shina lake ni Kombe la Gossage, lililofadhiliwa na kampuni ya sabuni, ambalo Kenya na Uganda zilianza kulishindania 1926. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Tanganyika ikalitwaa mara tatu mfululizo: 1949, 1950 na 1951. Kutaja ubingwa wa Tanzania wa 1974, 1994 na 2010 pekee ni kuwadhulumu wachezaji wale. Sisi wa Ngenge mkoani Kagera, tulio karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, tunataka watoto wetu wafundishwe historia hiyo nzima, kuanzia 1926.