Tahadhari: Ng'oeni Miwati ya Uani Kabla ya Mvua

Wakazi wa Mdandu na vijiji jirani, aliyepanda mti wa miwati uani kwa ajili ya pambo auondoe sasa, kabla mvua za Novemba hazijashika. Najua unapendeza. Majani yake ni laini kama unyoya, na ukichanua, harufu ya maua yake hufika mpaka barabarani.

Wala sidharau kazi yake. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia, na tangu 1949 kampuni ya TANWAT imeilima Njombe kwa ajili ya magome yanayotoa tanini ya kusindika ngozi. Kuni na mkaa wake kila mpishi anaujua. Lakini kwenye shamba la kampuni kuna wavunaji na wapaliliaji. Uani kwako yupo nani?

Balaa lenyewe liko udongoni. Mti humwaga mbegu nyingi zenye gamba gumu, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini hata miaka 50. Moto ndio unaoziamsha: joto hupasua gamba, mvua ikinyesha zinaota kwa pamoja. Kwa hiyo anayefyeka na kuchoma palipodondoka mbegu za miwati hajasafisha shamba, amelipanda upya. Maji nayo huzisomba hadi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, na huko miti hii hunywa maji ambayo mboga za kiangazi zinayategemea. Afrika Kusini, tangu 1995, serikali inalipa watu kuikata kandokando ya mito. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, nalo limeuweka mti huu kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Mche mdogo umwagilie maji kwanza, kisha ung'oe pamoja na mzizi. Mti mkubwa ukate kabla maganda ya mbegu hayajakomaa, na gome la kisiki libanduliwe mpaka chini ya usawa wa udongo, la sivyo utachipua. Maganda yaliyokwisha kukauka yaokote yote, yateketeze ndani ya jiko, kamwe si shambani. Udongo wa chini ya mti huo usiuchote kupeleka kwenye kitalu cha mboga, hata jirani akiuomba kwa upole.

Anayetaka kivuli mlangoni apande parachichi. Njombe hii soko lake lipo. Na pale uliposimama mti wa miwati, pitia kila msimu wa mvua, miaka mingi, ung'oe vinavyochomoza vikiwa bado vya kushikwa kwa vidole viwili.