MAARIFA YA NYUMBANI: Ukungu Mweupe wa Gundi Kali

Miwani ya sajini mmoja wa polisi ilikatika mkono jioni, naye kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri. Mkewe, kwa nia njema, aliuunga mkono huo kwa gundi kali, ile iitwayo supa gluu, kisha akaifungia miwani ndani ya kikasha chake ili watoto wasiichezee. Kulipokucha mkono ulikuwa umeshika imara, lakini vioo vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Bibi akatwaa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akasugua. Kumbe vioo vyenyewe vilikuwa vya plastiki, vikaharibika kabisa. Sajini akaenda zamu bila miwani.

Kosa la kwanza halikuwa katika kuunga, bali katika kufunika. Gundi hii haikaushwi na jua. Hugandishwa na unyevu mdogo ulio hewani na juu ya kitu chenyewe. Sehemu ambayo haijawahi kuganda hutoa mvuke. Mvuke huo ukutanapo na unyevu hugeuka unga mweupe, ukatua kandokando ya kiungo. Basi gundi nyingi, hewa iliyosimama na unyevu mwingi ndivyo vizaavyo ukungu.

Askari wa upelelezi waufahamu ukungu huu kwa upande wake wa heri. Tangu miaka ya 1970, kwanza huko Japani, polisi wameutumia kufichua alama za vidole. Kitu kinachochunguzwa hutiwa ndani ya sanduku lililofungwa, lenye unyevu, na gundi hupashwa moto humo; mvuke hushika mistari ya alama, nayo huonekana myeupe. Kile kikasha cha miwani kilifanya kazi iyo hiyo, ila bila kutakiwa.

Apendaye kuunga bila kuacha doa na afuate haya:

Kwanza, asafishe na kukausha pande zote mbili, na kufuta alama za vidole zilizo karibu.

Pili, atie tone dogo tu, kwa ncha ya kijiti au sindano. Gundi ifurikayo pembeni haiongezi nguvu, huongeza mvuke. Kisha abane pande hizo bila kuzitikisa mpaka zishike.

Tatu, afanye kazi hiyo mahali penye hewa ipitayo polepole, karibu na dirisha lililo wazi, wala si jikoni penye mvuke wa sufuria. Wakati wa mvua nyingi ni heri kungoja saa ya mchana iliyo kavu.

Nne, kioo au sehemu ing'aayo ifunikwe kwa utepe wa karatasi kabla ya kuunga, ama vioo vya miwani vitolewe kwanza.

Tano, kitu kiachwe wazi kwa saa 24. Kisiwekwe katika kasha, mfuko wala droo.

Ikiwa ukungu umekwisha tokea, plastiki ijaribiwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni peke yake. Asetoni, iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, yafaa kwa chuma kisichopakwa rangi na kwa kioo halisi. Huyeyusha aina nyingi za plastiki, tena hushika moto upesi. Juu ya plastiki nyeusi, mafuta kidogo sana yaliyopakwa kwa kitambaa hulificha doa.

Gundi isimwagike juu ya nguo za pamba, yakiwemo magwanda, kwani huchemka kwa ghafula na kuweza kuunguza ngozi. Vidole vikigandana, vilowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa taratibu. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi, kope zisivutwe kwa nguvu, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Gundi hii hushika kwa dakika moja. Lakini mwenye miwani yake na aipe usiku mzima wa hewa.