Kuuliza si ujinga: Damu yako hupelekwa wapi?

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Ramisi au vijiji vya jirani, kuanzia Gazi hadi Lunga Lunga, huenda umewahi kuombwa damu ilhali hukuwa mgonjwa. Watu walikuja na sindano na vichupa, wakaandika jina lako, wakakuomba utie sahihi au kidole gumba, kisha gari likaondoka mbio. Huenda ulikubali. Huenda ulikataa na ukamficha na mtoto, kwa kuwa jirani alikwambia damu ile inakwenda kuuzwa. Kwetu pwani hofu hiyo si ngeni, na tangu zamani ina jina lake: mumiani.

Wako wataalamu ambao husikia habari za mumiani wakacheka. Mimi sioni la kuchekesha. Mtu anayekataa kutoa damu kwa sababu hakuelezwa inakwenda kufanya nini si mjinga. Mwenye lawama ni yule anayeichukua bila ya kueleza kwa lugha inayofahamika. Wakazi wa Ramisi wameona mambo makubwa yakija na kuondoka. Kiwanda cha sukari kilichokuwa tegemeo lao kilifungwa mwaka 1988. Hivyo mgeni yeyote anayefika na makaratasi ni lazima aulizwe amekuja kwa lipi.

Hebu kwanza tujiulize, kwa nini damu ya Kwale? Maradhi ya kichocho, matende na malaria yamewasumbua watu wa huku kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, imefanya kazi katika sehemu hizi kwa muda mrefu, ikishirikiana na wataalamu wa nje kama wale wa Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani. Utafiti mmoja uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha jambo zito. Mama mjamzito akiwa na minyoo ya kichocho au ya matende, mwili wa mtoto unaweza kuanza kuitambua minyoo hiyo hata kabla hajazaliwa, na baadaye chanjo ya kifua kikuu, yaani BCG, ikaamsha kinga dhaifu zaidi mwilini mwake. Jambo hilo halikujulikana kwa kukisia. Lilijulikana kwa sababu akina mama walikubali damu yao na ya watoto wao ichunguzwe.

Sasa tuingie ndani ya maabara. Moja ya mashine zinazotumika sana kuchunguza chembechembe za damu huitwa flosaitometa. Jina ni gumu lakini kazi yake si ngeni kwa mtu wa Kwale. Fikiria ng'ombe wakipitishwa kwenye josho. Zizini wamesongamana na huwezi kuwahesabu. Wakifika kwenye ujia mwembamba hupita mmoja mmoja, na mtu aliyesimama kando humwona kila mmoja: huyu mkubwa, huyu ndama, huyu ana alama ya fulani.

Mashine hii hufanya vivyo hivyo. Chembechembe za damu huingizwa katika mkondo mwembamba wa maji maji, zikapita moja moja mbele ya mwanga mkali wa leza. Mwanga unaotawanyika huonyesha ukubwa wa kila chembe na hali ya ndani yake. Kabla ya hapo mtaalamu hutia kingamwili zilizopakwa rangi zinazong'aa, na kila aina hung'ang'ania chembe ya namna moja tu, kama alama ya mwenye ng'ombe. Rangi ikimulikwa huwaka, na kompyuta huandika. Kwa sekunde moja mashine yaweza kusoma maelfu ya chembe, kazi ambayo jicho kwenye hadubini lisingeweza kuifanya.

Hata vijidudu vya malaria huonekana kwa njia hiyo. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala DNA. Kijidudu cha malaria kinayo DNA yake. Ukitia rangi inayoshika DNA, chembe iliyovamiwa huwaka na ile nzima hubaki gizani. Kwa hiyo mtafiti anaweza kujua ni chembe ngapi zimevamiwa, na kama dawa anayoijaribu inaviua vijidudu au la.

Na kiasi cha damu je? Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Kichupa cha mililita 5 ni sawa na kijiko kimoja cha chai, yaani sehemu moja kati ya elfu. Anayetoa damu ya kuongezewa mgonjwa hutoa karibu nusu lita. Kijiko cha chai hakiwezi kumwongezea mtu damu. Lakini kwa mashine kinatosha sana, kwani ndani yake mna chembe nyeupe zipatazo milioni 20 au zaidi. Ile dawa iliyomo ndani ya kichupa ni ya kuzuia damu isigande. Na lile gari huenda mbio kwa sababu chembe nyeupe zinazotakiwa kupimwa zingali hai huharibika zikicheleweshwa. Hayo ndiyo maelezo ambayo yangepaswa kutolewa mlangoni kwako, na hayachukui hata dakika kumi.

Mashine za namna hii zimetumika pia katika kuwatibu wagonjwa. Ndizo zilizowahesabia wenye virusi vya Ukimwi chembe za CD4. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu hiyo kushuka. Hata hivyo hesabu ingali na maana, kwani mtu mzima aliye chini ya 200 yumo katika hatari kubwa ya kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo, na huhitaji kuangaliwa zaidi.

Baadhi ya watafiti husema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuyaelewa mambo haya. Mimi sikubaliani nao. Anayejua josho amekwisha kuelewa nusu ya somo. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka wazi kwamba anayefanyiwa utafiti lazima aelezwe na aridhie mwenyewe kwa hiari. Kidole gumba juu ya karatasi isiyoeleweka si ridhaa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wakija uliza. Ni nani anayefanya utafiti huu, na ni kamati gani ya maadili iliyoupitisha? Mtachukua damu kiasi gani, na mara ngapi? Itapimwa hapa nchini au itapelekwa ng'ambo? Itakayosalia itahifadhiwa au itatupwa? Nikigunduliwa na ugonjwa, nitaambiwa na kutibiwa? Nikikataa, au nikijitoa katikati, nitaendelea kuhudumiwa hospitalini kama kawaida? Jibu la swali hilo la mwisho lazima liwe ndiyo. Na ukumbuke kuwa utafiti si matibabu. Faida yake huenda isikufikie wewe, bali mjukuu wako.

Nanyi watafiti, rudini. Huko Kilifi, ambako KEMRI ilianza kituo chake mwaka 1989, uvumi wa damu ulisikika pia, na moja ya njia zilizotumiwa ni kuwa na wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe ili wapeleke maswali na kuleta majibu. Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo za malaria, na mwaka 2021 na 2023 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza chanjo mbili, RTS,S na R21. Hapo mzazi anaweza kuona damu ya mwanawe ilikwenda kufanya nini. Kila kijiji kinachotoa damu kinastahili kuitiwa baraza, kwa Kiswahili au Kidigo, na kuambiwa: tulichukua hiki, tumekuta hiki, na hili hatukulipata. Matokeo yanayoishia katika majarida ya Ulaya na Marekani hayamfikii mama wa Ramisi aliyeunyosha mkono wake.

Uvumi wa mumiani hautakomeshwa kwa kuwacheka wanaouamini. Utakomeshwa na majibu. Wewe msomaji usione haya kuuliza, na anayekuja na sindano asione taabu kujibu.