Mawaidha ya Nyumbani: Unene na Sababu Zake



Hapa kwetu Musoma mtu akinenepa husifiwa. Bibi harusi akijaa mwili huambiwa kwamba ndoa imemkubali, na bwana mwenye kitambi huhesabiwa kuwa mambo yake yamenyoka. Sifa hii ina asili yake: wazee wetu waliijua njaa, na mwili mnene ulikuwa dalili ya ghala lenye akiba. Lakini zama zimegeuka, na sifa ya jana imekuwa maradhi ya leo.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake 22 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliopita kiasi. Ulipofanywa tena 2015-16 walikuwa 28, nao wa mijini ni wengi kuliko wa vijijini.

Sababu ya kwanza ni ya riziki. Wengi hudhani unene ni maradhi ya matajiri peke yao, sivyo. Mzazi mwenye shilingi chache hutafuta kinachoshibisha upesi, nacho ni maandazi, chipsi na soda. Sangara wa ziwa letu minofu yake hupelekwa Ulaya, na wanyonge huuziwa mapanki yaliyokaangwa kwa mafuta mengi. Kazi nazo zimebadilika: aliyekuwa akilima au kuvuta nyavu sasa huketi dukani kutwa, na mwendo wa robo saa huuendea kwa bodaboda.

Sababu ya pili ni ya ujirani, nayo ni nzito zaidi. Tangu ukimwi uingie nchini miaka ya 1980, mtu akikonda hutiliwa shaka. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa na tabibu apunguze uzito kwa ajili ya kisukari. Akatii, akaacha sukari, akawa anatembea kila alfajiri. Alipoanza kupungua, majirani wakanong'ona. Nami, mwalimu wa watoto wao, nikamwuliza njiani: "Mama, mbona umekwisha hivi, una nini?" Aliona haya, akarudi kula kama kwanza. Baada ya miaka miwili alikatwa mguu. Binti yake ameacha shule ili amwuguze, na fedha ya ada sasa hununua dawa. Sikukusudia ubaya, lakini ulimi wangu una sehemu yake katika mguu ule.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, aliyepungua tumwombee siha, wala tusimhoji. Pili, katika hitima na harusi zetu, mgeni akisema ameshiba tumwamini, kwani kumlazimisha si ukarimu. Tatu, watoto wetu waje chuoni kwa miguu, na kiu yao waikate kwa maji. Dini yetu imekataza israfu katika chakula kama ilivyoikataza katika mali.

Mwenyezi Mungu atujaalie miili yenye siha na ndimi zenye kheri. Amin.