Masika Yako Mlangoni: Wito kwa Wana Pangani

Ndugu zangu wa Pangani Mashariki na Magharibi, wa Bweni ng'ambo ya mto, na nyinyi wa Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja: kaskazi inakatika. Upepo umeanza kugeuka, joto limekuwa zito, na wavuvi wanayatazama mawingu kabla ya kushusha ngalawa. Muda si mrefu masika yataanza, na masika yakipita utaingia upepo wa kusi na mawimbi yake. Nawaandikia kuomba jambo moja. Mwaka huu tusingojee maji yaingie majumbani ndipo tuanze kuazimana majembe. Tukutane sasa, mtaa kwa mtaa, tufanye kazi iliyo ndani ya uwezo wetu.

Sisi ni watu wa majira. Giza la mwezi likiingia, vyombo vya dagaa hutoka na taa zao, na asubuhi vichanja hujaa. Bamvua ikifika, kina mama hushuka mwambani kutafuta pweza, kwa sababu wanajua maji yatatoka mbali mnamo saa nne asubuhi na yatarudi kujaa alasiri. Kaskazi huleta bahari tulivu na embe sokoni. Kusi huleta baridi, na siku nyingi wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Mkwezi anajua minazi ipi imefika kuanguliwa, na mkulima wa Mwera au Madanga anajua siku ya kutia mbegu ardhini bila kuambiwa na mtu. Elimu hii tumerithi kwa wazee, nayo ndiyo inayotulisha. Lakini tunaitumia kutafuta riziki tu. Kuulinda mji wenyewe tunakusahau, hata maafa yanapokuja na majira yaleyale tunayoyajua kwa jina.

Tazameni jinsi maji yanavyotuingilia. Mji wetu umekaa mahali mto unapokutana na bahari, kwenye ardhi ya chini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bahari hupanda sana alfajiri na tena alasiri. Mvua kubwa ikinyesha saa hizo, maji ya barabarani hayana pa kwenda, kwa kuwa mdomo wa mtaro umezibwa na maji ya mto yaliyojaa. Yatangoja mpaka bahari ianze kutoka. Hapo ndipo mtaro ulio wazi unapouokoa mtaa: maji yakishaanza kupwa, mtaro safi huyatoa kwa muda mfupi. Mtaro uliojaa chupa za plastiki, vifuu, mchanga na nepi za watoto huyabakiza yakatuama, yakaingia vyooni, yakatoka na uchafu wa vyooni hadi visimani. Ndiyo maana baada ya mvua hufuata kuhara, na baada ya kuhara hufuata mbu na homa. Mvua hatuwezi kuizuia wala mwezi hatuwezi kuukataza kuwa mpevu. Chupa ya plastiki, hata hivyo, ilitupwa mtaroni na mkono wa mtu.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli tulipumua. Miaka imepita, na vile vifuko vyepesi vya kufungia karanga, barafu na mboga vimerudi sokoni kidogo kidogo, na sisi tunavipokea. Kila kinachotupwa uwanjani leo, mvua ya kwanza itakikokota hadi mtaroni, mtaro utakipeleka mtoni, na mto utakipeleka bahari ileile tunayovua samaki.

Upande wa bahari mambo ni mazito zaidi. Ardhi inaliwa. Wenye umri mkubwa wanakumbuka minazi iliyokuwa imesimama mbali na maji, na leo mahali pake panapita mawimbi. Sababu ziko nyingi, na haifai kudanganyana kwamba zote zinatoka kwetu. Kina cha bahari duniani kinapanda kwa sababu ya joto linaloongezeka, na waliochafua hewa zaidi si watu wa Pangani. Mto wetu nao unateremka kutoka Kilimanjaro na Meru ukiwa umeshatumika njiani. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960, kituo cha umeme cha Hale kikafunguliwa mwaka 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani yakaanza kufua umeme mwaka 1995. Mashamba ya umwagiliaji huko juu yanahitaji maji pia. Mto uliopungua nguvu huleta mchanga mchache wa kujaza fukwe, na hauna msukumo wa kuizuia bahari isipande. Ndiyo sababu wenzetu wenye mashamba kandokando ya mto wanalia kwamba maji ya chumvi yanafika mahali ambapo zamani hayakufika.

Hayo ni ya kupelekwa kwenye vikao vya bonde zima la mto, na tuna haki ya kuyasema huko kwa sauti kubwa. Lakini juu ya hayo, yako tunayoyaongeza wenyewe kwa mikono yetu. Tunachota mchanga wa ufukweni kujengea, na kila gari linaloondoka nao limebeba kinga ya nyumba ya mtu. Tunakata mikoko kwa ajili ya boriti na fito, kwa kuni za kuchoma chokaa na kuchemshia chumvi. Tunajenga karibu na maji kupita kiasi, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na ukingoni mwa mto.

Mwenye shaka kwamba ardhi inaweza kuondoka kabisa, na atazame Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, mkabala na Ushongo. Kasa walikuwa wakipanda huko kutaga, na kwa ajili hiyo kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miti yake ilitoweka, mawimbi yakaula mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kufunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanakwenda kutaga palepale, kwa kuwa hurudi walikozoea. Mayai yakiachwa huko yataoza kwa maji ya bahari, hivyo watu wa Ushongo huyafukua na kuyahamishia ufukwe wa bara, huyalinda kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha huwasindikiza watoto wa kasa majini. Wenzetu hawa wamekubali kufanya kazi ambayo kisiwa kilikuwa kikiifanya chenyewe bila malipo. Nawapongeza kwa moyo wote. Na ninauliza: kama tunaweza kuyabeba mayai ya kasa moja moja kwa uangalifu wa namna ile, tunashindwaje kuilinda mikoko inayowalinda watoto wetu?

Najua mtakayonijibu, kwa kuwa nimeyasikia barazani. Mmoja atasema hii ni kazi ya serikali. Kweli, serikali ina wajibu wake, na ukuta uliojengwa kando ya maji ni ushahidi kwamba ikiamua inaweza. Tuendelee kuidai Halmashauri magari ya taka, madampo yanayoeleweka na mitaro ya zege mahali inapokosekana. Lakini hakuna ukuta utakaozunguka pwani yote ya wilaya hii, na hakuna mkurugenzi atakayesimama mlangoni mwa kila nyumba kuangalia taka zinakomwagwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeshafika kwenye kujenga ukuta. Tukiacha nyufa nyingine zipanuke, fedha za kujenga kuta mpya hazitatoka mifukoni mwetu wala hatutajua zitatoka wapi.

Mwingine atasema: nisipokata mikoko nitakula nini? Huyu ana haki ya kusikilizwa. Mama anayechemsha chumvi na kijana anayeuza fito si maadui wa mji. Ni majirani zetu, na shida yao ni yetu. Ila misitu ya mikoko ni hifadhi kisheria, na Wakala wa Huduma za Misitu upo. Nashauri tukae na wahusika wote katika mkutano mmoja, tukubaliane sehemu zisizoguswa kabisa, tupande mivinje na miti mingine ya kujengea kwenye viwanja vyetu na vya shule, na wanaochemsha chumvi wahamie kwenye kukausha kwa jua katika majaruba. Kumkamata mtu bila kumwonyesha njia nyingine kutamfanya akate usiku badala ya mchana. Tukumbuke pia kwamba kambamiti, kaa na samaki wengi hulelewa katika mizizi ya mikoko wakiwa wadogo. Anayefyeka mikoko leo anapunguza kitoweo cha mwakani, chake na cha jirani yake.

Basi tufanye nini, na lini? Napendekeza tuufuate mwendo wa majira yenyewe.

Kwanza, kabla masika hayajaanza, tuzibue mitaro. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Siku hiyo ipo tayari, watendaji wanaijua, na maduka hufungwa asubuhi. Tuifanye kuwa siku ya msaragambo wa kweli. Kila kitongoji kipewe mtaro wake wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ili pakizibika tujue ni nani wa kuulizwa. Tope na taka zinazotolewa zisiachwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza itazirudisha ndani. Wenye mikokoteni na bajaji za mizigo wajitolee siku hiyo kuzihamisha. Wenyeviti wa vitongoji waanze kuyasema haya wiki hii, na katika misikiti na makanisa tangazo litolewe Ijumaa na Jumapili.

Pili, masika yakishashika, tupande mikoko. Wakati huo mvua huwa imepunguza ukali wa chumvi matopeni, jambo linaloisaidia miche michanga. Walimu, waleteni wanafunzi. Lakini tusipande ili kupigwa picha. Kati ya aina za mikoko, ule uitwao mkoko hasa una mche mrefu unaoning'inia mtini, ambao ukiiva huanguka na kujichomeka matopeni. Huo hufaa kwenye tope la vijito na kingo za mto. Ukipandwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, utang'oka wote. Mlilana ndio unaostahimili upande wa bahari, na mchu huvumilia sehemu zenye chumvi kali. Wazee wavuvi na wakata boriti wa zamani wanajua mti gani ulikuwa umesimama wapi. Tuwaulize kabla ya kuchimba hata shimo moja. Kisha kila shule na kila kikundi cha wavuvi kichukue kipande chake na kukitazama mwaka mzima, kuondoa taka zinazonasa kwenye miche na kupanda upya panapokufa. Pale mikoko iliyobaki inaweza kujizalisha yenyewe, kazi yetu iwe kuacha kuikata tu.

Tatu, kusi unapovuma, tulinde ufukwe. Hiyo ndiyo miezi ya mawimbi makubwa, na bamvua za wakati huo ndizo zinazokula ardhi zaidi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vina orodha ya vyombo na wavuvi. Viongezewe kazi ya kuandika mahali ambapo pwani imemegeka na magari yanakochota mchanga. Mtu akijenga ndani ya mita 60, tumwambie mapema akiwa bado anachimba msingi, maana akishapaua hakuna atakayekuwa na moyo wa kumbomolea.

Nne, ifikapo Septemba, kabla ya vuli, turudi mitaroni. Hapo tufanye mkutano wa hadhara na tusomeane hesabu: mitaro ipi ilipitisha maji, miche mingapi imeshika, nani alifanya kazi na nani alikaa pembeni. Kazi isiyosomewa hesabu hufa mwaka wa pili.

Nawageukia vijana. Wengi wenu mnaitazama Tanga au Dar es Salaam, na barabara mpya ya pwani ya kutuunganisha na Bagamoyo itawavuta zaidi. Itawaleta pia wageni na wanunuzi wa viwanja, na thamani ya pwani hii itapanda. Mji utakaokuwa na mitaro safi, samaki na ufukwe uliosimama utawapa kazi hapahapa. Mji unaonuka na kumegeka utauzwa vipande kwa watu wa mbali kwa bei ya kutupa.

Na tukumbuke sisi ni watu wa wapi. Agosti mwaka 1888, watu wa mji huu waliikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, na kutoka hapa upinzani ukaenea pwani, ukiongozwa na Bushiri bin Salim mpaka aliponyongwa hapahapa Pangani, Desemba 1889. Walisimama pamoja dhidi ya mizinga. Sisi tunaombwa kusimama pamoja kwa jembe, koleo na mche.

Kwa hiyo usiku wa leo, baada ya chakula, mgongee jirani yako. Mwulize mtaro wenu unaanzia wapi na unaishia wapi. Mkubaliane nani ataleta koleo, nani ataleta mkokoteni, na nani atamwona mwenyekiti. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, tukutane mtaroni, wanaume kwa wanawake, tajiri kwa maskini, mwenyeji na mpangaji. Masika hayatatungoja.