Sauti inalia krrr: angalia volti mbele ya kukaripia mutoto

Jamaa mingi zinaniuliza: «Pasta, ampli yetu ni nzima, bafle ni nzuri, lakini sauti inapasuka. Nani ameiharibu?»

Mimi pia niliuliza vile kwangu nyumbani. Mwana wangu wa pili alipata lektere ya CD, akaifunga nyuma ya ampli yangu ya zamani, fasi yenye kuandikwa PHONO, kwa sababu njo ilibakia wazi. Sauti ikatoka sawa mabati yenye kupigwa na mawe. Nilimukaripia sana. Siku mbili hatukuzungumuza. Kumbe hakuna kitu kilichoharibika.

Sikia basi. Kila chombo kinatoa umeme kidogo wa sauti, lakini kipimo si kimoja. Sindano ya platini, ile ya disiki za zamani, inatoa karibu milivolti 3 mpaka 5 tu. Kaseti inatoa karibu volti 0,3. CD inafika volti 2 wakati muziki uko juu kabisa. Sasa PHONO ilitengenezwa kwa ajili ya sindano: inazidisha mara 100 hivi, tena inaongeza sauti nene na kupunguza nyembamba, maana disiki zilichongwa kinyume chake. Ukiipa volti 2, haina fasi ya kuziweka. Inakata vichwa vya mawimbi, na ile krrr njo inatoka.

Kinyume chake, funga platini ku AUX: utasikia sawa mutu anayeongea chini ya shimo. Ukifungua volimi yote, shhh inakuja pamoja na wimbo.

Hata ku AUX, ampli za miaka ya 1970 zilizoea volti 0,2 hivi. Kwa CD, ukigusa volimi kidogo tu, nyumba inatetemeka. Dawa yake ni bei ndogo: resistansi ya omu 10.000 njiani, na ya omu 2.200 kutoka pale mpaka ku masi, kuume na kushoto. Volti 2 zinakuwa karibu 0,36. Kama haujui kuchomelea, fundi wa redio anajua.

Kwa telefone, pandisha sauti yake karibu mpaka mwisho, volimi ya ampli ibakie chini. Ikipasuka, rudisha telefone nyuma kidogo. Lakini usitoe kamwe waya ku bafle na kuuingiza ku AUX! Pale kunaweza kuwa volti 10 ao zaidi, na unaweza kuchoma ampli kweli.

Vijana, munajua mambo haya kuliko sisi, lakini mutueleze polepole.

Yangu nilimuita, nikamuomba musamaha mbele ya mama yake. Akacheka, akatoa fisi mbili, akaziingiza ku TAPE. Sasa ni yeye anafunga vyombo vya kwaya.