Mdai Aliyeingia Ndani ya Nyumba

Baada ya Misa ya Jumapili moja ya mwisho wa mwaka, kijana mzaliwa wa parokia yetu, ambaye sasa ni mhandisi wa programu za kompyuta jijini Dar es Salaam, aliomba tuzungumze. Hakuja kuungama, na ameniruhusu kuyaandika aliyoniambia mradi nisimtaje yeye wala kampuni aliyoifanyia kazi. Kwa miezi kadhaa alikuwa miongoni mwa vijana waliotengeneza programu ya kukopesha fedha kwa simu. Sehemu yake ilikuwa ndogo: kuandika kipande kinachosoma majina na namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji na kuzipeleka kwenye kompyuta za kampuni. "Padre, ilikuwa kazi ya siku mbili," alisema. "Sikuifikiria tena mpaka mama mdogo aliponipigia kutoka Nyarugusu."

Mama huyo huuza chakula kwenye machimbo. Alikuwa amepokea ujumbe unaomwita jirani yake mwizi na kumtaka amshawishi alipe deni. Ujumbe haukutoka kwa kampuni ya kijana huyu, lakini aliutambua, kama fundi anavyoutambua mshono.

Tusianze kwa kuwalaumu wanaokopa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa huweza kushuka duarani miezi miwili asione dhahabu, na katika miezi hiyo watoto wanakula na wanaugua. Mkulima wa pamba wa Kishapu hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka. Benki inataka hati ya nyumba. Kikoba kinataka uwe umeweka akiba. Simu haitaki kitu, au ndivyo inavyoonekana. Tuchukue mfano: mtu anaomba shilingi 50,000, gharama zinakatwa mapema, anapokea 35,000, na baada ya siku saba anadaiwa 50,000 kamili. Hiyo ni zaidi ya asilimia 42 kwa juma moja. Tangu Machi 2019 Geita ina soko lake la dhahabu, na mchimbaji huiona mizani kwa macho yake. Mizani ya mkopo wa namna hii hukaa mahali asipoweza kuiona.

Hata hivyo, riba siyo jambo lililomkosesha usingizi kijana wetu. Mkopo huo una dhamana, nayo ni aibu. Anayebonyeza neno "ruhusu" anaweka rehani heshima yake mbele ya shemeji, mwalimu wa mtoto, mwenyekiti wa jumuiya, pengine hata paroko. Katika kijiji cha Usukuma, ambako mtu huishi kwa kuaminiwa na majirani, rehani hiyo ni nzito kuliko ng'ombe. Na wale ambao namba zao zimechukuliwa hawakuombwa ruhusa na mtu yeyote.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinajua habari hii. Kinamkataza anayekopesha kuingia nyumbani mwa jirani yake ili kuchukua rehani; asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Kinakataza pia kutwaa jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kutwaa uhai wa mtu. Huku kwetu mchimbaji angelifikiria karasha lake. Torati haikumnyima mdai haki yake. Ilimwekea mpaka kwenye kizingiti, na kipande kile cha siku mbili kiliandikwa ili kuuvuka mpaka huo.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikataja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni tatu za huko kwa kutumia namba za watu wa pembeni kuwasumbua. Google nayo, tangu mwisho wa Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma orodha ya majina. Lakini programu hupakuliwa pia nje ya duka, kwa kiungo kilichotumwa na rafiki, na iliyofungiwa leo huweza kurudi kesho kwa jina jingine.

Kwa hiyo narudi kwa mhandisi. "Sikumdanganya mtu," aliniambia, "aliruhusu mwenyewe." Nilimuuliza ni ruhusa gani anayoitoa mama mwenye mtoto mgonjwa saa tano usiku. Katekisimu, namba 1868, hufundisha kwamba tunawajibika kwa dhambi za wengine tunaposhirikiana nao kuzitenda. Ofisini kwao mmoja alichora, mwingine akaandika, wa tatu akapanga maneno ya vitisho; hakuna aliyeuona uso wa mdaiwa, na kila mmoja alilala vizuri. Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa, Mei 2025, alieleza kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII na waraka wa Rerum Novarum wa 1891, kwa sababu teknolojia ya akili unde inaleta maswali mapya kuhusu utu, haki na kazi. Tumezoea kuusoma waraka ule kwa ajili ya wachimbaji. Vijana wanaokaa mbele ya kompyuta nao ni wafanyakazi, nao wanapaswa kuweza kusema hapana bila kupoteza mkate.

Yeye hakusema hapana. Alihamia kampuni nyingine kimyakimya, na hilo linamsumbua. Nilimwomba, kabla ya kurudi Dar es Salaam, akae na jumuiya moja awaonyeshe namna ya kuondoa ruhusa hizo kwenye simu. Alikuja Jumamosi. Simu ya kwanza aliyopewa, ya mzee wa kanisa, ilikuwa na programu nne za mikopo. Mzee aliomba wengine watoke nje kwanza.